Joto la famenta likikataa kutulia, anza na laini inayorudi

Hii nawaandikia wadogo zangu wa instrumenti na nyinyi mnasomea mambo ya prosesi huku kwetu, Kisumu, Muhoroni, Kakamega mpaka Nakuru. Kuna shida moja nimekutana nayo mara nyingi sana kwa viwanda vya upande huu, joto la tangi linapanda, mtu anakimbilia kontrola anabadilisha namba za PID (P ni nguvu ya kurekebisha, I inakusanya makosa ya nyuma, D inaangalia kasi ya badiliko), joto linatulia kidogo, kesho mchana liko palepale tena. Alafu unaambiwa kontrola ni mbovu, inunuliwe ingine. Mara nyingi kontrola haina makosa yoyote. Kiwanda kina laini inayorudi, yaani kitu kilichotoka mwisho wa mtambo kinarudishwa mwanzo, na hio laini hakuna mtu anaipima joto wala wingi wake.

Nitatumia mfano wa alkoholi ya molasi kwa sababu hio ndio najua kwa mikono yangu, na huku ukanda wa miwa nani hajaona lori ya molasi ikivuja barabarani. Lakini hesabu ni ileile popote kuna kitu kinazunguka, iwe ni mafuta ya kupikia, karatasi ama maziwa.

Kazi inaenda hivi. Molasi inachanganywa na maji, inaingia famenta, yaani tangi la kuchachushia, hamira inakula sukari inatoa alkoholi na hewa ya ukaa. Kinachotoka hapo tunakiita woshi, kinaenda kwa kolamu, yaani mtungi mrefu wa kukenekea, alkoholi inapanda juu na chini yanabaki maji meusi yenye moto wa karibu digrii 100, hayo ndio spentiwoshi. Ni mengi ajabu, lita 8 mpaka 15 kwa kila lita moja ya alkoholi, na huwezi kuyamwaga tu hivo mtoni, kwa hivyo viwanda vingi vinarudisha sehemu yake ikachanganye molasi badala ya maji safi. Unaokoa maji na uchafu wa kushughulikia unapungua. Ni kitu kizuri, sitaki mtu asome hapa aseme nimekataza risaiko. Nataka ihesabiwe tu.

Hatua ya 1: tembea na bomba mpaka ujue duara lote

Chukua karatasi, hata nyuma ya logishiti iko sawa, na uchore. Usichorie ofisini. Ile drowingi ya ukutani ilichorwa kiwanda kikijengwa na tangu siku hio watu wamekata mabomba wakaunga mengine. Anza kwa famenta, fuata woshi mpaka kolamu, fuata spentiwoshi mpaka kipoza chake, mpaka tangi la kuchanganyia, mpaka urudi ulipoanzia. Kila valvu ya baipasi, yaani ya bomba la kupita kando ya kifaa, unayoikuta andika iko wazi ama imefungwa, na usiulize mtu, angalia mwenyewe.

Ukimaliza utakuta kuna duara tatu. Ya kwanza ni hio ya spentiwoshi. Ya pili ni woshi wenyewe, unavutwa na pampu chini ya famenta unapitishwa kwa kipoza cha sahani unarudishwa juu. Ya tatu ni maji ya kupoza, yanatoka kwa mnara wa kupoza, yanapita upande wa pili wa sahani zilezile, yanarudi kwa mnara yakapoe. Hizi tatu zinagusana, moja ikiugua zingine zinaambukizwa.

Kuna kiwanda nilifanya kazi, famenta ilitakiwa ikae 32 lakini kila mchana inaenda 36, siku zingine karibu 37, hamira inachoka, sukari inabaki bila kuliwa. Wiki mbili nzima tulikuwa tunatuni kontrola, kila shifti na namba zake. Jioni moja nikapita nyuma ya kolamu nikaweka mgongo wa mkono kwa bomba la spentiwoshi linalorudi, nikautoa hapohapo, hata tatu sikufika kuhesabu. Bomba la digrii 40 unaweza kulishika muda wote unaotaka, ni vuguvugu kama maji ya kuogesha mtoto. Hili lilikuwa 60. Kipoza cha spentiwoshi kilikuwa kimeziba, na shifti ya usiku walikuwa wamefungua baipasi ili kolamu isisimame. Kwa upande wao walifanya jambo la maana, kolamu ikisimama ni hasara, ila hakuna mtu aliandika na famenta iko mbali na kolamu, kwa hivyo sisi huku tukabaki kupigana na kontrola.

Nyinyi msiguse bomba hamlijui, utaungua. Tumia ile bunduki ya kupima joto, lakini bandika kwanza kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwa bomba, ngoja kishike joto, ndio upime pale juu ya tepu. Ukipima chuma cha stenlesi kinachong'aa moja kwa moja itakudanganya vibaya, itasoma chini sana.

Hatua ya 2: hakikisha sensa inasema ukweli

Sensa nyingi huku ni Pt100, waya ya platini ambayo ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, unapanda na joto. Kwa digrii 0 inafaa kuwa na omu 100, na kila digrii inaongeza kama omu 0.385. Ya kwanza ni kuijaribu kwa barafu. Ponda barafu, hata ile ya wauza samaki inatosha bora isiwe ya maji ya chumvi, ongeza maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, zamisha sensa, koroga, ngoja dakika kumi, pima.

Ya pili ni maji yanayochemka, na hapa ndio watu wanakosea sana. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, maji yanachemka kwa kama digrii 96. Nakuru iko karibu mita 1,850, pale ni kama 94. Sasa mtu wa Nakuru akitoa sensa akaiweka kwa maji yanayotokota, akaona 94, akairekebisha mpaka isome 100, huyo ameingiza uongo wa digrii 6 kwa sensa iliyokuwa nzima. Kwa Kisumu ukipata karibu omu 137 kwa maji yanayotokota, sensa yako iko sawa, iache.

Alafu angalia themoweli, ile mfuko wa chuma ambayo sensa inakaa ndani. Molasi ina kalisi na salfeti nyingi, zinaganda nje ya chuma zinatengeneza gamba jeupe-kijivu, gumu, unaligongagonga kama sufuria iliyochemsha maji ya kisima miaka. Nimewahi kung'oa moja gamba lilikuwa nene kama ganda la yai la bata, na ndani ya mfuko sensa ilikuwa inaning'inia kwa hewa haijagusa popote. Hio haisomi joto la sasa, inasoma la dakika kadhaa zilizopita, na kontrola yako inaendesha gari ikiangalia kioo cha nyuma. Kwangua gamba, jaza mfuko mafuta kidogo ama ile pesti ya kupitisha joto, sukuma sensa mpaka iguse chini.

Ongeza sensa kwa spentiwoshi inapoingia, kwa maji ya mnara yanapoingia kipoza, na kwa woshi unapotoka kipoza. Na flomita moja, ya kupima flo yaani wingi unaopita, kwa laini ya spentiwoshi. Bila hizi hatua zingine zote ni kubahatisha.

Hatua ya 3: fanya hesabu ya joto

Hapa usiogope, ni hesabu ya kuweka na kutoa. Joto linalobaki kwa tangi ni la hamira, jumlisha linaloletwa na spentiwoshi, jumlisha linaloletwa na molasi, toa linalobebwa na kipoza.

Tuseme famenta ina kilo 100,000 za woshi. Kupandisha kilo moja digrii moja inachukua kama kilojuli 3.9, kwa hivyo tangi lote linahitaji megajuli 390 kupanda digrii moja. Shika hio namba, 390.

Inaingia jumla ya kilo 5,000 kwa saa, kati ya hizo 3,500 ni molasi na maji kwa digrii 28, na 1,500 ni spentiwoshi kwa digrii 40. Sukari inayoliwa ni kilo 700 kwa saa. Kila kilo ya sukari hamira ikiila inatoa kama kilojuli 570 za joto, kwa hivyo hamira peke yake inatupa megajuli 399 kwa saa. Linganisha na 390 ya hapo juu. Yaani ukizima kila kitu hamira ikaendelea kula, famenta inapanda kama digrii moja kila saa. Hio ndio saa yako ya dharura, iweke kichwani kabla ya kitu kingine chochote.

Spentiwoshi ya digrii 40 ikiingia kwa tangi la 32 inaongeza kilo 1,500 mara 3.9 mara 8, hio ni karibu megajuli 47. Ikiingia kwa 60 inaongeza 164. Tofauti ni 117 kwa saa, karibu asilimia 30 ya joto lote la hamira, na inaingia kimyakimya kwa laini ambayo haikuwa hata na sensa. Molasi ya 28 yenyewe inasaidia, inapunguza kama 55. Pampu ya kuzungusha ya kilowati 7.5 inaongeza kama 27, na kuta za tangi zinapoteza kiasi kwa hewa. Hivyo viwili nimeviacha nje ili hesabu iwe nyepesi, ukishaelewa utaviongeza.

Kipoza kinatoa joto kulingana na tofauti kati ya woshi na maji ya mnara. Tuseme kipoza kisafi valvu ikiwa wazi kabisa kinabeba megajuli 56 kwa saa kwa kila digrii ya tofauti. Maji yakiwa 25 na famenta 32, tofauti ni 7, kinabeba 392. Sasa unaweza kuweka yote kwa laini moja, T ikiwa ni joto ambalo famenta itatulia:

T = (399 + 5.85 × joto la spentiwoshi + 13.65 × joto la molasi + K × joto la maji) ÷ (19.5 + K)

K ni hio 56. 5.85 ni kilo 1,500 mara 3.9 kwa megajuli, 13.65 ni kilo 3,500 mara 3.9, na 19.5 ni jumla yake. Weka 40, 28 na 25, unapata 32.0. Hapo kila mtu anafurahi.

Sasa cheza nayo. Spentiwoshi ikipanda kwenda 60 peke yake, famenta inatulia kwa 33.5. Maji ya mnara yakipanda kutoka 25 kwenda 27 peke yake, unapata 33.5 pia. Hapo mtu anasema si mbaya, hamira itavumilia. Zote mbili pamoja ni 35.0. Na kipoza cha sahani kikiwa kimechafuka robo, K imeshuka kutoka 56 kwenda 42, juu ya hizo mbili, famenta inakwenda 36.8. Nilipoiona hio 36.8 kwa karatasi nilikaa chini, kwa sababu ndio namba tulikuwa tunaiona kwa skrini kila mchana. Hakukuwa na shida moja kubwa ya kutafuta, kulikuwa na tatu ndogo, kila moja ukiipima peke yake inaonekana haina neno, na kontrola ilikuwa imeshafungua valvu asilimia 100 kitambo, haina pengine pa kwenda. Namba gani ya PID ingesaidia hapo?

Hatua ya 4: zungusha hesabu, usiipige mara moja

Joto ni nusu ya mambo. Spentiwoshi inarudi na chumvi za potashi, uchafu na sukari ambayo haikuliwa. Alkoholi inatoka, hivyo vingine havitoki, vinazunguka. Ukirudisha asilimia 30, kesho famenta inapata chumvi mpya ya molasi pamoja na asilimia 30 ya ya jana, na ya jana ilikuwa na asilimia 30 ya juzi.

Fungua Eksel. Anza na dhana kwamba spentiwoshi ni safi, kwa hivyo chumvi kwa famenta ni 1, yaani ya molasi mpya tu. Zidisha kwa 0.3, ongeza 1, unapata 1.3. Rudia, 1.39. Rudia, 1.417, alafu 1.425, alafu 1.4275, inakaribia 1.43 inatulia hapo. Hivyo ndivyo mkondo unaorudi unavyohesabiwa popote duniani, unakisia kinachorudi, unapiga hesabu ya kiwanda kizima, unaona kimerudi ngapi kweli, unaweka hio mahali pa kisio lako, unarudia mpaka zifanane.

Sasa fanya hivohivo na asilimia 50. Inatulia kwa 2. Na asilimia 70 inatulia kwa 3.3. Umeona? Kutoka 30 kwenda 50 umeongeza 20 tu na mzigo umepanda kutoka 1.43 mpaka 2, ukiongeza 20 zingine unaruka mpaka 3.3. Ni kama deni la shailoki, mwanzo linabebeka alafu ghafla halibebeki. Hamira yenye chumvi nyingi inashindwa na joto ambalo jana ililivumilia, sukari inabaki, inaenda kwa kolamu, inarudi na spentiwoshi, na joto la kuila linatokea saa ambayo hukuitegemea.

Na kila mzunguko mmoja wa hio hesabu kwa kiwanda ni karibu siku nzima, kwa sababu kilo 100,000 zikitoka kwa 5,000 kila saa ni masaa 20 kwa famenta peke yake. Kwa hivyo ukibadilisha kiwango cha kurudisha Jumatatu, ukweli wote utauona Ijumaa. Nimeona mameneja wazuri kabisa wakibadilisha asubuhi, wanaangalia jioni, wanasema haijafanya kitu, wanaongeza tena. Kufika wikendi mabadiliko matatu yanawaangukia kwa mara moja.

Hatua ya 5: maji ya mnara nayo ni risaiko

Mnara wa kupoza hauwezi kuteremsha maji chini ya joto la balbu yenye maji. Hio unaipima rahisi, chukua themomita, funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwa ncha yake, ipepee kwa dakika tatu, inashuka inatulia. Kama imetulia 22, mnara ukikupa 25 ama 26 unafanya kazi yake vizuri na hakuna fundi atakupatia 21. Kisumu mchana kabla mvua ya jioni kushuka, ile saa shati linashika mgongoni, balbu inapanda na maji ya mnara yanapanda nayo. Ndio maana famenta inasumbua saa nane mchana na alfajiri imetulia, watu wanadhani ni uzembe wa shifti ya mchana. Kama mnatumia maji ya ziwani kwa kuongeza, safisha chujio mara kwa mara, gugumaji na matope ya mvua ndio yanamaliza K yako kimyakimya.

Hatua ya 6: iendeshe kwa Eksel na uilinganishe na logishiti

Kila safu iwe dakika 5. Joto jipya ni joto la zamani jumlisha, dakika 5 gawa kwa 60, mara jumla ya megajuli zote gawa kwa 390. Buruta safu chini mpaka masaa 72. Kando yake weka namba za kweli kutoka logishiti ya siku tatu. Mistari miwili ikitengana, usibadilishe kila kitu ili ifanane, badilisha K kwanza kwa sababu uchafu wa sahani ndio unabadilika zaidi. Ikiwa lazima uweke K ya 40 ndio mistari ifanane, umejua kipoza kinahitaji kufunguliwa, na umejua bila kukifungua. Hio kwangu ndio faida kubwa kabisa ya modo, yaani hii hesabu ya kiwanda kwa Eksel, kuliko hata kutuni kontrola.

Hatua ya 7: panga kontrola

Kwanza valvu ya maji ya kupoza, iwe ile ambayo hewa ya kompresa ikikatika inafunguka yenyewe. Hewa ikipotea usiku wa manane bora famenta ipoe kupita kiasi kuliko hamira ife.

Pili, weka kontrola ya flo kwa laini ya spentiwoshi. William Luyben wa Chuo Kikuu cha Lehigh kule Marekani alilisisitiza hili, mahali fulani ndani ya duara la risaiko lazima kuwe na flo moja iliyoshikwa, la sivyo badiliko dogo mwanzoni linakuwa mafuriko ndani ya duara. Watu wanapenda kuiacha ifuate levo ya tangi la kuchanganyia, levo ikishuka spentiwoshi inamwagika ijaze. Usifanye hivyo. Shika spentiwoshi kwa flo, na levo ishikwe na maji safi.

Tatu, kipoza cha spentiwoshi kiwe na kontrola yake ndogo, setipointi yaani joto unalolitaka 40, ishughulikiwe hukohuko kabla haijafika kwa famenta. Ukingoja famenta ihisi, umechelewa.

Nne ni kontrola mbili za kupokezana. Ya juu inaangalia joto la famenta, inaiambia ya chini woshi utoke kipoza ukiwa na digrii ngapi. Ya chini ndio inashika valvu. Maji ya mnara yakipanda mchana, ya chini inaona ndani ya dakika moja mbili na kufungua valvu, kabla famenta hata haijajua. Nilipoweka hii, ile nundu ya saa nane kwa grafu ilibaki kama ya nusu digrii.

Hatua ya 8: sasa ndio utuni

Mbinu ya Ziegler na Nichols ya 1942 inataka uongeze nguvu mpaka joto liyumbe juu chini bila kukoma. Kwa famenta yenye hamira hai mimi siikubali, kuyumba kumoja ni masaa na unachezea kitu kinachopumua. Fanya hivi badala yake.

Anza na kontrola ya chini, itulie kabisa, ndio uende ya juu. Kwa wale wana kontrola moja tu inayoshika valvu moja kwa moja, subiri wakati famenta imetulia, alfajiri ni nzuri, weka manyuali, fungua valvu kutoka 50 kwenda 60, kaa na saa. Andika muda ambao joto halijasonga, tuseme dakika 6, yaani saa 0.1. Alafu andika linashuka kwa kasi gani, tuseme digrii 0.13 kwa saa. Gawa kwa 10 upate 0.013 kwa kila asilimia ya valvu.

Amua unataka irekebishe kwa upole kiasi gani, mimi kwa famenta natumia masaa 2. Kwa sheria ya Sigurd Skogestad wa Norwei, aliyoitoa 2003, nguvu ya kontrola ni 1 gawa kwa 0.013 mara 2.1 (hio 2.1 ni masaa 2 jumlisha ile saa 0.1), inakuja karibu asilimia 37 ya valvu kwa digrii moja. Muda wa ile I ni 4 mara 2.1, masaa 8.4. Ndio, masaa, wala sio dakika. Hapa ndio wengi wanaharibu, wanaweka dakika 10 kwa sababu kitabu cha kontrola kimekuja na dakika 10, kontrola inakusanya makosa upesi kuliko tangi linavyoweza kujibu, na famenta inayumba usiku kucha. Kama kontrola yako inatumia proposhono bendi na renji ni 0 mpaka 100, hio 37 ni bendi ya 2.7, yaani 100 gawa kwa 37. Ile D iache sifuri, Bubujiko la hewa ya ukaa linatikisa sensa na D itaitikisa valvu mpaka glandi ianze kuvuja.

Na tafadhali, usipande juu ya famenta ukachungulia ndani ili uone kama woshi unachemka. Hewa ya ukaa ni nzito, inakaa pale mlangoni, haina rangi wala haichomi pua mpaka umeshachelewa. Imeua watu wazima wenye uzoefu.

Hatua ya 9: stima ikipotea na ikirudi

Huku stima itapotea, hio panga kabisa. Jenereta ikiwaka, pampu ya kuzungusha woshi na pampu ya maji ya mnara ndio ziwe za kwanza, taa za ofisi zitangoja. Funga molasi na spentiwoshi. Una kama masaa matatu kutoka 32 mpaka 35, kwa hivyo usikimbie, lakini usikae pia.

Weka kontrola manyuali mara tu pampu imesimama. Ukiiacha otomatiki itaendelea kujumlisha makosa saa zote hizo, na stima ikirudi itakaa na valvu wazi mpaka famenta ishuke 28 na hamira ilale. Stima ikirudi, anzisha maji, anzisha woshi, rudisha valvu mahali ilipokuwa kabla, ngoja joto lianze kushuka kwa grafu, ndio otomatiki. Molasi ifuate. Spentiwoshi iwe ya mwisho kabisa, na kabla hujaifungua soma sensa yake, iwe 40 ama chini. Kama ilikuwa imezimwa zaidi ya siku moja ianze kwa asilimia 10, kesho yake 20, keshokutwa 30. Andika kwa logibuku saa uliyofungua, joto la spentiwoshi, joto la famenta na baipasi iko wazi ama imefungwa, na fundi wa shifti inayoingia atie sahihi kabla hujatoka getini.